Bega Linazunguka, Dirii Inavuta Shingo: Kutatua Matatizo ya Kufunga Vipande Vigumu Kwenye Vazi la Igizo

Askari wa Kirumi katika igizo la Ijumaa Kuu ana kazi nzito kuliko inavyoonekana. Anatembea juani vituo vyote 14 vya Njia ya Msalaba, anainua mkono wenye mjeledi, anapiga magoti, anasukumana na umati. Muda wote huo kifuani ana dirii, yaani bamba la kukinga kifua, iliyotengenezwa kwa ndoo iliyokatwa, mkeka wa povu wa watoto au boksi lililopakwa rangi ya fedha. Vipande hivyo vikiwa mezani vinapendeza. Taabu huanza vinapokutana na nguo.

Nimewalenga zaidi vijana wa parokia na walimu wanaoshona mavazi ya michezo ya kuigiza shuleni, lakini anayejitengenezea vazi la shujaa wa katuni au wa mchezo wa video naye atakutana na hitilafu zilezile, maana mwili ni uleule.

Kabla ya kununua gundi nyingine, kuna jambo moja linaloeleza karibu kila tatizo lililo hapa chini: nguo haifai kubeba dirii. Nguo huvutika, hukunjika na kulowa jasho, na kipande kigumu hakifanyi lolote kati ya hayo. Ukivibandika pamoja, kimojawapo lazima kishindwe, na mara nyingi ni nguo. Uzito ubebwe na mabega na kiuno. Nguo iachiwe kazi ya kuzuia kipande kisihame. Warumi wenyewe walilijua hilo. Mabaki ya dirii yaliyofukuliwa Corbridge, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1964, yanaonyesha kwamba mabamba ya chuma yalipigwa ribiti kwenye mikanda ya ngozi iliyopita ndani. Mabamba yalishikana yenyewe kwa yenyewe na kukaa mabegani. Nguo ya chini haikushonewa bamba lolote.

Kipande kinabanduka

Usikimbilie kuongeza gundi. Geuza kipande, kipeleke kwenye mwanga, uangalie mgongo wake. Gundi iliyoachia huacha ushahidi.

Ukikuta gundi yote imebaki kwenye nguo na mgongo wa kipande ni msafi, unang'aa, ujue gundi haikukishika kipande tangu mwanzo. Tafuta alama ya pembetatu iliyo chini ya ndoo au dumu ulilokata. Ikiwa na namba 2 au 5 ndani yake, hiyo ni jamii ya polithini au polipropilini, na gundi za kawaida haziishiki. Hata ukisugua kwa msasa utapata nafuu ya muda tu. Dawa yake ni kutoboa. Pitisha kekee kandokando ya kipande, kisha shona kwa shazia na uzi wa viatu, au piga ribiti. Namba 3 ni PVC, ile ya mabomba ya maji, nayo hukubali gundi ya viatu vizuri ikishasuguliwa. Ukiipasha moto ili uinyooshe, fanya hivyo nje na usiiache iungue, kwa sababu moshi wake ni sumu. Mkeka wa povu nao hukubali gundi ya viatu, ila uso wake mara nyingi una utelezi uliotoka nao kiwandani: usugue kidogo, ufute kwa spiriti, uuache ukauke.

Ukikuta gundi imebaki kwenye kipande, imejaa nyuzinyuzi za kitambaa, basi gundi imefanya kazi yake. Nguo ndiyo iliyoachia. Hii hutokea sana kwenye fulana na vitambaa vya kuvutika. Mvaaji akivuta pumzi, kitambaa hutanuka na kipande hakitanuki, kwa hiyo ukingo wa gundi unang'oa uzi mmoja baada ya mwingine mpaka kipande kinadondoka mbele ya Pilato. Hakuna gundi ya kutibu hilo. Kipande kihamishiwe kwenye kizibao, kama nitakavyoeleza.

Ushahidi wa tatu ni gundi iliyogawanyika katikati, nusu huku na nusu kule. Kama ni ile ya fimbo inayoyeyushwa kwa bunduki ya umeme, jua ndilo lililoiharibu. Gundi hiyo hulainika kwa joto, na dirii ya rangi nyeusi iliyosahauliwa ndani ya gari lililofungwa inatosha kuilegeza. Itumie kushikilia kipande wakati unashona, si kwa kazi ya kudumu. Kama ni gundi ya viatu, basi uliunganisha ikiwa mbichi. Hii hupakwa pande zote mbili, ikaachwa hadi ukiigusa kwa kidole hainati tena, dakika 10 hadi 15 hivi, na zaidi penye unyevu wa pwani. Ndipo pande zikutanishwe na kugongwa. Mtazame fundi viatu anavyosubiri huku akifanya kazi nyingine; kusubiri kule ni sehemu ya ufundi. Baada ya hapo acha siku nzima kabla ya kuvaa, na fanya kazi yote penye hewa, kwa kuwa mvuke wake unalewesha.

Supaglu iache kabisa kwenye nguo. Inakauka ngumu kama kioo na kukatika nguo ikikunjwa. Halafu kuna hatari ambayo wengi hawaijui: ikimwagika nyingi kwenye kitambaa cha pamba hupata joto ghafla, na joto hilo linaweza kumuunguza mtu ngozi.

Nguo inachanika pale kipande kiliposhikizwa

Angalia umbo la mchaniko. Tundu la mviringo lililopanuka kandokando ya ribiti linamaanisha uzito wote ulikusanyika mahali padogo mno. Weka washa (kile kipete bapa cha chuma) upande wa ndani, na kabla ya washa weka kiraka cha jinzi au turubai chenye upana wa kiganja, kimeshonwa pande zote nne. Mpasuko mrefu unaofuata mshono unamaanisha kipande kilikuwa kinavuta kwa mkingamo. Hapo kiraka hakitoshi.

Kinachotosha ni kizibao. Shona kizibao kisicho na mikono cha jinzi nzito au turubai laini, kibane mwili vizuri, kifungwe mbele au ubavuni kwa kamba. Hakihitaji kupendeza, kwa sababu hakuna atakayekiona. Vipande vyote vifungwe kwenye kizibao hicho na si kwenye kanzu ya askari. Kanzu ivaliwe chini yake, au itobolewe matundu machache yenye ukingo ulioshonwa ili kamba za kizibao zipite na kutokea nje. Ulaya ya karne ya 15 wapiganaji waliovaa chuma mwili mzima walifanya hivyohivyo: walivaa ndani kizibao chenye matundu mengi, na vipande vya mikono vikafungiwa hapo kwa kamba zilizopakwa nta. Nta huzuia kamba isivutike na isikatike upesi. Uzi wa viatu ulioburutwa juu ya kipande cha mshumaa unafanya kazi hiyo sawasawa.

Faida nyingine ya kizibao ni kwamba kanzu inaweza kufuliwa. Vazi lililobandikwa dirii moja kwa moja halifuliki, na baada ya mazoezi mawili matatu kila mtu atajua.

Bega linazunguka, au linapanda hadi sikioni

Hili ni lalamiko la kila msimu. Askari anatoka sakristia amependeza, na wakifika kituo cha 3 kipande cha bega la kulia kimeshahamia mgongoni.

Hesabu mahali ambapo kipande kimeshikizwa. Kikishikwa mahali pamoja tu, kitazunguka palepale, hata ukaze vipi. Kikishikwa mahali pawili, kitayumba kwa kufuata mstari unaounganisha sehemu hizo mbili. Kikishikwa mahali patatu panapofanya pembetatu, kinatulia. Lakini bega ni kiungo kinachotembea kuliko vyote, na ukikaza pembetatu nzima mkono hautainuka. Kwa hiyo sehemu mbili ziwe imara, karibu na shingo, moja mbele na moja nyuma. Ya tatu iwe ya kuvutika, kuzunguka mkono.

Karibu na shingo ni wapi hasa? Mwambie mvaaji asimame, weka kiganja chako juu ya bega lake, kisha ainue mkono pembeni polepole mpaka juu. Utahisi msuli wa nje ukipanda na kujikusanya chini ya vidole vyako. Sogeza kiganja kuelekea shina la shingo na umwambie arudie. Utafika mahali ambapo mkono unapanda lakini chini ya kiganja chako hapatembei sana. Paweke alama ya chaki. Hapo ndipo pa kufungia. Kipande kilichofungiwa kwenye msuli wa nje husukumwa na msuli huo kila mkono unapoinuka, na ndiyo maana kinamgonga mtu sikio.

Ukishahamisha sehemu ya kufungia na bado kipande kinagonga, tatizo ni ukubwa. Kikate vipande vitatu kwa upana, uvipandanishe kama mabati ya paa, la juu likilalia la chini, na uviunganishe kwa mikanda miwili ya ngozi au ya begi iliyopita upande wa ndani. Ribiti zipigwe kwenye mikanda, si kutoka bamba moja hadi jingine, ili mabamba yaweze kuteleza na kurudi. Hii ndiyo siri ya Corbridge, na kwa povu au plastiki inafanya kazi vilevile. Inaongeza kazi ya jioni nzima, lakini ukiona jinsi mkono unavyoinuka na mabamba yanavyofuata moja moja, hutarudi tena kwenye bega la kipande kimoja.

Mkanda wa kuzunguka mkono uwe wa lastiki pana, sentimita 3 hadi 4, upite juu ya msuli wa mkono, chini kidogo ya kwapa. Lastiki nyembamba hujisokota na kuwa kamba inayokata ngozi. Mvaaji akisema vidole vinakufa ganzi, legeza papo hapo, usimwambie avumilie.

Kanuni ya kizibao ina tofauti moja: kama kuna dirii ya kifua, usifunge bega kwenye kizibao. Lifunge kwenye mkanda wa bega wa dirii yenyewe. Vipande vigumu vikifungwa kwa vipande vigumu vinatembea pamoja.

Dirii ya kifua inavuta shingo

Msimamie mvaaji ubavuni, si mbele. Ukiona nafasi imeachwa kati ya tumbo na ncha ya chini ya dirii, huku mikanda imebana nyuma ya shingo, uzito wote uko mbele na hakuna kitu cha kuusawazisha. Wengi huacha mgongo wazi kwa kuwa joho litaufunika. Tengeneza bamba la mgongo hata kama ni la boksi jepesi. Mikanda ya mabega itoke mbele, ipite juu ya mabega karibu na shingo bila kuigusa, ipishane mgongoni kwa umbo la X na kushuka hadi kwenye mkanda wa kiunoni. Halafu mikanda miwili ya ubavuni, kila upande mmoja, ivute bamba la mbele na la nyuma zikaribiane. Hapo kiuno kinaanza kubeba sehemu yake.

Mkanda wa kiunoni ufungwe kwanza, kabla ya dirii. Paulo anapotaja mavazi ya askari katika Waefeso 6, kujifunga kiuno kunatangulia dirii, na mtu yeyote aliyewahi kumvalisha askari wa igizo ataona kwa nini mpangilio huo una maana.

Dirii inayompiga mvaaji kooni akiketi au akiinama ni ndefu kupita kiasi. Mwambie ainame pembeni, uangalie kiwiliwili kinakunjika wapi. Hapo ndipo bamba gumu liishie. Kila kinachoshuka zaidi ya hapo kiwe ni vipande vilivyoning'inizwa kwenye mkanda. Pima mtu akiwa ameketi na akiwa amepiga magoti, maana askari wanapiga magoti, na vazi lililopimwa kwa mtu aliyesimama litamsukuma kidevu mbele ya umati.

Velcro inafunguka yenyewe

Velcro, ule utepe wenye upande wa kulabu na upande laini unaonasana, ina nguvu sana ikivutwa kwa kuteleza, pande mbili zikisuguana, na ni dhaifu ikichunwa kuanzia ukingoni. Basi tazama mvuto unaelekea wapi. Kama uzito wa kipande unachuna Velcro kutoka juu, igeuze: pitisha mkanda ndani ya pete yenye umbo la D, uukunje urudi nyuma na kujinasa wenyewe. Sasa uzito unavuta kwa kuteleza, na kipande kidogo kileile kinashika mara nyingi zaidi.

Ile yenye gundi mgongoni haikai kwenye nguo. Jasho likiifikia inateleza kama mafuta. Ishone, mstari kuzunguka pande zote na mwingine wa mkato katikati. Kwenye plastiki au povu, ongeza ribiti kila ncha. Upande wenye kulabu uwekwe kwenye dirii na upande laini kwenye nguo, la sivyo kulabu zitanasa kanzu, joho na nywele za Veronika. Na kama Velcro ya mwaka jana imekataa kushika, tazama kulabu zake kabla ya kuitupa. Zikiwa zimejaa nyuzi na vumbi, zichokoe kwa sindano.

Sumaku

Watu hupenda sumaku ndogo zenye nguvu kwa sababu hazionekani. Zinafaa kwa mapambo mepesi tu, kwa sababu nazo zikisukumwa pembeni hujiachia. Zishonee ndani ya kijimfuko cha bitana, usizibandike. Asivae mtu mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, na zisiwekwe kwenye mavazi ya watoto wadogo: sumaku mbili zikimezwa huvutana ndani ya matumbo na kuyatoboa.

Kinga ya muundi inashuka

Mguu ni mpana kwenye shavu la mguu na mwembamba kwenye kifundo, kwa hiyo kipande chochote kinatafuta njia ya kushuka. Kuongeza kubana shavu la mguu hakusaidii. Kunamletea mtu mkakamao wa misuli. Mkanda wa juu upite chini tu ya goti, juu ya shavu la mguu, pale ambapo msuli wenyewe unauzuia usishuke. Ndani ya kinga bandika povu laini linalogusa mfupa wa muundi, ili lishikilie ngozi. Bado inashuka? Iegemeze chini: kipande cha mkanda wa begi kipite chini ya unyayo wa kiatu, mbele ya kisigino, au kiungane na mikanda ya ndara za Kirumi alizovaa.

Kelele, mikwaruzo na joto

Vipande vinavyogongana havitaki maelezo mengi: bandika vibanzi vya povu jembamba au kitambaa kizito sehemu vinapokutana. Mikwaruzo kwapani na shingoni hutoka kwenye ukingo uliokatwa na kuachwa ulivyo. Usugue, kisha uuvike mpira wa bomba jembamba uliopasuliwa kwa urefu, au ukunje bitana juu yake.

Joto ndilo linalonipa wasiwasi kuliko yote. Plastiki na povu havipitishi jasho. Mvaaji avae fulana ya pamba chini, anywe maji kila kituo, na dirii iwe na njia ya kufunguka upesi: angalau upande mmoja wa ubavu ufungwe kwa klipu za plastiki za begi, zile za kubana pande mbili, na si kwa kamba yenye fundo. Kila anayetembea karibu naye aonyeshwe klipu hizo ziko wapi. Askari akianza kuona kizunguzungu au akiacha kutoa jasho, dirii itoke kwanza, maelezo baadaye.

Hitilafu ikitokea katikati ya maandamano

Atakayetembea nyuma ya askari abebe kijimfuko chenye pini za usalama kubwa, mita moja ya mkanda wa begi wenye klipu, shazia iliyokwisha kutiwa uzi wenye nta, mkasi na utepe wa kunata wa kitambaa. Gundi isiwemo, hakuna gundi inayokauka kati ya kituo na kituo. Bega likianguka, pitisha mkanda wa begi chini ya kwapa la upande wa pili na uufunge juu ya dirii, joho lishushwe juu yake. Velcro ikikataa, pini mbili zikae sambamba na mvuto, ncha zikitazama nje ya mwili. Kipande kilichovunjika katikati kiondolewe chote na mwenzake wa upande wa pili pia, kwa sababu askari asiye na mabega anaonekana ndivyo alivyovalishwa, ila mwenye bega moja kila mtu atamtazama yeye badala ya msalaba.